Christoph Blocher: kwa nini kinara wa uchaguzi alitoka serikalini, na nguvu yake ilikuwa wapi

Swali la msomaji: "Ninafundisha uraia sekondari. Wanafunzi wangu walinibana kuhusu Christoph Blocher, mwanasiasa wa kihafidhina wa Uswisi. Chama chake kiliongoza uchaguzi wa Oktoba 2007 kwa karibu asilimia 29, halafu Desemba mwaka huohuo akatoka serikalini. Hapakuwa na kura ya kutokuwa na imani naye. Ilikuwaje? Na baada ya hapo alibaki na nguvu gani?"

Mwalimu, tuanzie Bungeni, maana huko ndiko mambo yalikofanyika. Uswisi, kuongoza uchaguzi hakukupi serikali. Wananchi huchagua Bunge tu. Bunge ndilo linalochagua mawaziri saba wa Baraza la Shirikisho, kiti kimoja baada ya kingine, kwa kura ya siri na kwa muhula wa miaka minne. Katikati ya muhula hakuna wa kuwatoa. Kura ya kutokuwa na imani haimo katika katiba yao. Lakini muhula ukiisha, waziri anayetaka kuendelea hurudi mbele ya wabunge wote 246 akapigiwe kura upya. Kwa hiyo Blocher hakufukuzwa. Alinyimwa muhula wa pili, na walionyima walikuwa wabunge, si wapiga kura.

Jambo la pili ambalo wanafunzi wako wanapaswa kulishika ni kwamba uwaziri ulikuwa kipande kidogo sana cha maisha yake ya siasa: miaka minne katika zaidi ya arobaini. Nguvu yake ilikaa kwenye kura ya maoni na kwenye karatasi za kukusanyia saini. Ukimsoma kama waziri aliyeangushwa utaona habari ya kushindwa, na hutaelewa kwa nini Uswisi mpaka leo haimo katika Umoja wa Ulaya.

Alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1940, mtoto wa saba kati ya kumi na mmoja wa mchungaji wa Kiprotestanti, akakulia Laufen karibu na maporomoko ya mto Rhine. Hakupitia njia ya kawaida ya wasomi. Alisomea kwanza kilimo, kisha akafanya mtihani wa kuingia chuo kikuu akiwa mtu mzima, akasoma sheria Zürich na kupata udaktari mwaka 1971. Tasnifu yake ilihusu maeneo yaliyotengwa kwa kilimo na haki ya mwenye ardhi kulindiwa mali yake. Hapo tayari unamwona: mkulima, sheria, na mali ya mtu binafsi. Mwaka 1968, wanafunzi wenzake walipokuwa wakiandamana, yeye alikuwa upande wa pili, akishiriki kuunda kundi la wanafunzi waliopinga vuguvugu hilo.

Mwaka 1969, akiwa bado chuoni, aliingia idara ya sheria ya kiwanda cha kemikali huko Domat/Ems, kantoni (yaani mkoa wenye serikali yake) ya Graubünden. Miaka michache baadaye akawa mkurugenzi, na mwaka 1983 akanunua hisa za kutosha kukimiliki. Kiwanda hicho, EMS-Chemie, kina historia inayofaa kabisa somo lako. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kilitengeneza mafuta ya magari kutokana na mbao kwa msaada wa serikali. Vita vikaisha, ruzuku ikaendelea kuombwa, na Mei 1956 wananchi wakaikataa katika kura ya maoni. Kiwanda kikalazimika kuacha kutegemea serikali na kuhamia kwenye nyuzi na plastiki. Utajiri wa Blocher, na uwezo wake wa kulipia kampeni kutoka mfukoni mwake, ulitoka kwenye kampuni ambayo wapiga kura waliwahi kuikatia ruzuku.

Katika siasa alianzia chini kabisa. Kuanzia mwaka 1974 alikuwa diwani wa Meilen kando ya ziwa Zürich, mwaka uliofuata akaingia bunge la kantoni, na mwaka 1979 akaingia Baraza la Taifa, yaani ile nyumba ya Bunge yenye wajumbe 200. Lakini cheo kilichomjenga ni kingine: kuanzia 1977 hadi 2003 alikuwa mwenyekiti wa tawi la Zürich la Chama cha Watu wa Uswisi, SVP. Chama hicho kilizaliwa mwaka 1971 kwa kuunganisha chama cha wakulima na mafundi na vyama vidogo vya kidemokrasia vya Glarus na Graubünden. Wakati ule kilikuwa chama cha vijijini, cha watu wa Bern wenye staha, kikiwa na waziri mmoja na kura kama asilimia 11. Ni tawi la Zürich chini ya Blocher lililokigeuza kuwa chama cha mjini na kijijini pia, chenye mabango makali, mkutano mkubwa wa kila Januari katika ukumbi wa Albisgütli, na ajenda tatu zisizobadilika: kodi ndogo, wahamiaji wachache, na nchi isiyojifunga na mtu wa nje.

Uhafidhina wake ulikuwa na sura nyingine ambazo wanafunzi wako wasifichwe. Mwaka 1985 aliongoza upinzani dhidi ya sheria mpya ya ndoa, iliyomwondolea mume hadhi ya mkuu wa familia. Alishindwa, asilimia 54.7 waliikubali. Na kwetu Afrika kuna jambo lisilosahaulika: kuanzia mwaka 1982 aliongoza kikundi kilichotetea uhusiano mwema wa Uswisi na serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini, wakati mataifa mengine yakiibana kwa vikwazo. Kutoegemea upande, alikokuhubiri maisha yake yote, kwa watu wa Soweto kulimaanisha kuachwa peke yao. Naliona hilo kuwa doa kubwa katika maisha yake ya siasa, na anayeandika wasifu wake akaliruka hajamaliza kazi.

Sasa tufike mwaka 1992, maana bila mwaka huo hakuna Blocher. Serikali ilitaka Uswisi ijiunge na Eneo la Uchumi la Ulaya, yaani soko la pamoja bila uanachama kamili wa Umoja wa Ulaya. Mkataba ulihitaji wingi wa aina mbili: wingi wa kura za wananchi nchini kote, na wingi wa kantoni. Hesabu ya kantoni ni 23, kwa sababu kantoni 20 zina kura nzima na 6 zina nusu kura. Karibu kila chama kikubwa, waajiri, vyama vya wafanyakazi na magazeti mengi walikuwa upande wa ndiyo. Hata waziri wa SVP mwenyewe, Adolf Ogi, alikuwa upande huo.

Hapo serikali ikafanya kosa ambalo Blocher hakuliacha lipite. Mei 1992 ilituma Brussels ombi la kuanza mazungumzo ya uanachama kamili wa Umoja wa Ulaya, miezi michache tu kabla ya kura, na Ogi akaliita lile soko kambi ya mazoezi ya kuelekea Umoja huo. Tangu siku hiyo, mtu aliyetaka biashara lakini hakutaka uanachama hakuwa na pa kusimama. Blocher alizunguka nchi nzima, ukumbi baada ya ukumbi, akiwauliza watu swali moja: mnataka kutawaliwa na nani? Alichokuwa nacho ni pamoja na chombo alichokijenga mapema, ile Harakati ya Uswisi Huru na Isiyoegemea Upande, AUNS, iliyoanzishwa mwaka 1986 baada ya wananchi kukataa kujiunga na Umoja wa Mataifa kwa asilimia 75.7. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wake.

Tarehe 6 Desemba 1992 walijitokeza asilimia 78.7 ya wapiga kura, idadi ambayo Uswisi haikuwa imeiona kwa miongo mingi. Hapana ilipata asilimia 50.3. Tofauti haikufika kura 24,000. Lakini tazama kantoni: 16 zilikataa, 7 tu zilikubali. Kantoni zote za Kifaransa zilisema ndiyo, pamoja na Basel zote mbili. Sehemu kubwa ya nchi ya Kijerumani na Ticino ya Kiitaliano zilisema hapana. Hata kama zile kura 24,000 zingegeuka, mkataba ungeanguka kwenye kantoni. Hili huwaponyoka wengi: wanasema Blocher alishinda kwa unywele, kumbe kwa kigezo cha pili alishinda kwa mbali.

Matokeo yake yanaendelea hadi leo. Badala ya soko la pamoja, Uswisi ikaanza kujadiliana na Brussels mkataba mmoja mmoja. Fungu la kwanza lilikubaliwa na wananchi Mei 2000 kwa asilimia 67.2. Lile ombi la uanachama liliwekwa kabatini, na mwaka 2016 likaondolewa rasmi.

Ushindi huo ukageuka kura za chama. SVP ilikuwa na asilimia 11.9 mwaka 1991, ikapanda hadi 14.9 mwaka 1995, 22.5 mwaka 1999 na 26.7 mwaka 2003. Ilikula zaidi vyama vidogo vya mrengo wa kulia, na ikavimega vyama vya kati. Wakati huohuo mgao wa viti serikalini ulibaki uleule wa tangu 1959: viwili kwa Waliberali, viwili kwa Wakristo wa Kidemokrasia, viwili kwa Wasoshalisti, kimoja kwa SVP. Waswisi waliuita kanuni ya kichawi. Haumo katika sheria yoyote. Ni mazoea tu. Kwa hiyo chama kikubwa kuliko vyote kilikuwa na kiti kimoja, na Wakristo wa Kidemokrasia waliobaki na asilimia 14.4 walikuwa na viwili.

Jioni ya uchaguzi wa 2003 mwenyekiti wa SVP, Ueli Maurer, alitoa sharti: kiti cha pili, na mtu wake ni Blocher, la sivyo chama kinaingia upinzani. Tarehe 10 Desemba 2003 Blocher alisimama dhidi ya waziri aliyekuwa kitini, Ruth Metzler wa Wakristo wa Kidemokrasia, na katika raundi ya tatu akapata kura 121 dhidi ya 116. Mara ya mwisho waziri kunyimwa muhula ilikuwa mwaka 1872. Waelekeze wanafunzi hapo. Njia iliyomtoa Blocher mwaka 2007 ndiyo iliyomwingiza mwaka 2003. Mazoea ya kumwacha waziri aendelee yalivunjwa kwa faida yake kwanza.

Alipewa Idara ya Sheria na Polisi. Kazi alifanya: sheria kali zaidi za hifadhi ya wakimbizi na za wageni zilipita kwenye kura ya Septemba 2006, kila moja kwa karibu asilimia 68. Hisa zake za EMS alikuwa ameziachia watoto wake, na binti yake Magdalena Martullo-Blocher akashika uongozi wa kampuni. Kilichomsumbua ni utaratibu wa serikali wenyewe. Mawaziri saba huamua kwa pamoja, na uamuzi ukishapita, wote hutakiwa kuutetea, hata aliyeshindwa kwa kura mezani. Mtu aliyejijenga kwa kusema hapana hadharani sasa alitakiwa asimame mbele ya kamera na kusema ndiyo. Mwaka 2005 nchi ilipopigia kura mkataba wa Schengen, unaoondoa ukaguzi wa mipakani kati ya nchi za Ulaya, kila mtu alijua moyo wake uko wapi. Oktoba 2006, akiwa Ankara, alisema sheria ya Uswisi dhidi ya ubaguzi wa rangi inamtia tumbo joto, na mawaziri wenzake hawakupendezwa hata kidogo. Kisha kamati ya Bunge ikamlaumu kwa namna mwendesha mashtaka mkuu wa shirikisho, Valentin Roschacher, alivyoondoka madarakani mwaka 2006. Hakuna hata moja kati ya haya lililotosha kumwangusha. Kwa pamoja yaliwapa wabunge wa kati sababu.

Uchaguzi wa 2007 chama kilimweka yeye katikati ya kampeni: ukiipigia SVP, unamtia nguvu Blocher. Kikapata asilimia 28.9 na viti 62. Lakini 62 kati ya 200 si wingi, na katika ile nyumba ya pili, Baraza la Kantoni lenye wajumbe 46, SVP ilikuwa dhaifu. Uswisi kila kantoni nzima hutoa wajumbe wawili huko, na kwa kawaida katika raundi ya kwanza mshindi hutakiwa apate zaidi ya nusu ya kura. Mgombea anayependwa sana na theluthi moja na kuchukiwa na theluthi mbili hukwama. Kosa la SVP lilikuwa kudhani kwamba kampeni inayomkuza mtu mmoja nje itawatisha wapiga kura 246 wa ndani. Iliwapa wapinzani shabaha moja.

Namna kura yenyewe inavyopigwa inaeleza mengine. Viti hupigiwa kwa ukongwe: waziri aliyekaa muda mrefu zaidi hutangulia. Kwa kila kiti wabunge hugawiwa karatasi tupu, wanaandika jina moja kwa mkono, karatasi hukusanywa kwenye masanduku na kuhesabiwa nje ya ukumbi. Kisha spika husoma kwa mpangilio: zilizotolewa, zilizorudi, tupu, zilizoharibika, halali, na idadi inayohitajika. Anayeshinda lazima avuke nusu ya kura halali. Zote 246 zikiwa halali, ni 124. Katika raundi mbili za kwanza unaweza kuandika jina la mtu yeyote mwenye sifa, hata asiyejitangaza. Kuanzia raundi ya tatu majina mapya hayakubaliwi, na wa mwisho hutolewa.

Huo uhuru wa raundi mbili za kwanza ndio mlango waliopitia. Wasoshalisti, Wanamazingira na Wakristo wa Kidemokrasia walielewana kimyakimya juu ya Eveline Widmer-Schlumpf, waziri wa fedha wa kantoni ya Graubünden. Uteuzi huo ulikuwa wa busara kwa sababu naye alikuwa mwanachama wa SVP. Baba yake, Leon Schlumpf, aliwahi kuwa waziri wa shirikisho kwa chama hichohicho. Hakuna aliyeweza kudai kwamba SVP imenyang'anywa kiti; kilichobadilika ni mtu tu. Tarehe 12 Desemba 2007, raundi ya kwanza ilitoa 116 kwake na 111 kwa Blocher. Raundi ya pili: 125 kwa 115. Mama huyo akaomba usiku mmoja wa kufikiri, na saa mbili asubuhi ya tarehe 13 akakubali.

Blocher alipanda jukwaani na kuwaambia wabunge kwamba anaondoka serikalini, si katika siasa. Alimaanisha.

Chama kikatangaza upinzani, kikamtaka Widmer-Schlumpf ajiuzulu na ajitoe. Alipokataa, tatizo la katiba ya chama likajitokeza: uanachama wake ulikuwa wa tawi la kantoni, makao makuu hayakuwa na uwezo wa kumfukuza mtu mmoja. Kwa hiyo Juni 2008 wakalifukuza tawi zima la Graubünden. Waliofukuzwa, pamoja na wengine kutoka Bern na Glarus, wakaunda chama kipya cha BDP, na waziri wa pili wa SVP, Samuel Schmid, akahamia huko. Ndani ya nusu mwaka chama kikubwa kuliko vyote kilibaki bila waziri hata mmoja. Kilirudi Desemba 2008 Ueli Maurer alipochaguliwa kwa kura 122 dhidi ya 121, na kiti cha pili kilipatikana tu Desemba 2015 kupitia Guy Parmelin. Katiba ya chama nayo ikarekebishwa: mwanachama akikubali uwaziri bila kuteuliwa na chama, amejifukuza. Kifungu hicho kinaeleza kwa nini tangu hapo hujasikia mchezo wa 2007 ukifaulu tena kwa SVP.

Na nguvu aliyobaki nayo? Ilikuwa ileile ya zamani. Uswisi, saini 50,000 ndani ya siku 100 zinatosha kulazimisha sheria iliyopitishwa na Bunge ipigiwe kura na wananchi. Saini 100,000 ndani ya miezi 18 zinaleta pendekezo la kubadili katiba. Chukua karatasi moja ya saini uitazame. Juu pana jina la pendekezo na maneno yake kamili, chini mistari michache. Kila karatasi ni ya wilaya moja tu ya uandikishaji. Jirani wa ng'ambo ya barabara aliyeandikishwa kwingine hapaswi kusaini hapo. Unaandika jina kwa mkono wako, tarehe ya kuzaliwa, anwani, saini. Karatasi huenda ofisi ya wilaya kuhakikiwa kwamba wewe ni mpiga kura kweli na hujasaini mara mbili, ndipo zikafikishwa Bern, makao ya serikali ya shirikisho. Nyingi huanguka hapo: mwandiko usiosomeka, wilaya isiyo sahihi, karatasi zilizochelewa kurudi. Waandaaji wazoefu hukusanya ziada kubwa. Kazi hii inataka watu waliojipanga, orodha za anwani na fedha, na Blocher alikuwa na vyote hivyo bila kuhitaji wizara.

Mwaka 2011 alirudi Baraza la Taifa. Tarehe 9 Februari 2014 pendekezo la SVP dhidi ya uhamiaji wa watu wengi lilishinda kwa asilimia 50.3, tofauti ya chini ya kura 20,000. Asilimia ni ileile ya mwaka 1992. Miezi mitatu baadaye akaacha ubunge, akiwa na miaka 73.

Lakini hapa pia pana mpaka wake, na usiwafiche wanafunzi. Kura huandika katiba. Sheria ya utekelezaji huandikwa na Bunge. Desemba 2016 Bunge lililegeza: badala ya kuweka idadi ya wahamiaji kwa mwaka, lilitaka tu waajiri katika fani zenye ukosefu mkubwa wa kazi watangaze nafasi kwanza kwenye ofisi za ajira. SVP ililalamika vikali, ila haikukusanya saini kuipinga sheria hiyo. Ilipoleta pendekezo jingine la kuvunja uhuru wa watu wa Umoja wa Ulaya kuhamia Uswisi, wananchi walilikataa Septemba 2020 kwa asilimia 61.7. Aliwahi kushindwa kwa karibu pia: Machi 2002 Uswisi iliingia Umoja wa Mataifa kwa kantoni 12 dhidi ya 11. Kantoni moja tu ingegeuka, angeshinda.

Ukiwapa wanafunzi zoezi, waandikie tarehe nne ubaoni: Desemba 1992, Desemba 2003, Desemba 2007, Februari 2014. Kwa kila moja waulize nani alipiga kura, na wingi wa aina gani ulihitajika. Watagundua wenyewe kwamba kwenye mbili za Bungeni alishinda moja na kupoteza moja, na zile mbili za wananchi alishinda zote kwa asilimia 50.3.

Uongozi wa juu wa chama aliuacha mwaka 2018. AUNS iliunganishwa na vikundi vingine mwaka 2022 na kuitwa Pro Schweiz, na Aprili 2024 saini za pendekezo la kuandika kutoegemea upande ndani ya katiba zilifikishwa Bern. Blocher, akiwa na miaka 83, alikuwa miongoni mwa waliolisukuma.